Kuvu Moja, Majina Manne: Jinsi ya Kusoma Rekodi za Sampuli za Azalea

Kijana mmoja mwenye kitalu cha maua kando ya Barabara ya Ngong alinisimamisha Januari, jua likiwa kali, simu mkononi na chungu cha azalea miguuni. Matumba matatu ya azalea ile yalikuwa yamekauka kabla ya kuchanua, rangi ya kahawia, magumu ukiyabinya. "Mwalimu, nimetafuta kwa simu," akaniambia. "Naona kuna magonjwa manne yanayoua matumba ya azalea. Moja ni la tangu 1873. Sasa hili langu ni lipi kati ya hayo manne?"

Nikaichukua simu. Alichokuwa amefungua haikuwa orodha ya magonjwa. Ilikuwa orodha ya rekodi za hebaria: mstari mmoja kwa kila sampuli iliyokaushwa na kuhifadhiwa, jina la Kilatini mwanzoni, kisha nambari, jina la mtu, mahali na tarehe. Yale magonjwa manne yalikuwa haya: Periconia azaleae, Sporocybe azaleae, Pycnostysanus azaleae na Seifertia azaleae. Yote manne ni kuvu moja ileile.

Kosa halikuwa lake. Siku hizi rekodi hizi ziko wazi kwa yeyote mwenye bando, ila zimeandikwa kwa mkato wa watu wa hebaria, na ni nadra mtu kukaa chini akamfafanulia mwenye kitalu kila neno lina uzito gani. Mimi nimekaa miaka mingi nikinakili lebo za sampuli kutoka kwenye karatasi na kuziingiza kwenye kompyuta, na hadi leo kuna lebo inayonichukulia saa nzima. Kwa hiyo tuifungue polepole, tukianza na kitu chenyewe kabla ya jina lake.

Kilichomo ndani ya bahasha

Hebaria ni ghala la mimea iliyokaushwa. Nairobi tunayo kubwa, Hebaria ya Afrika Mashariki, iliyo katika Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya pale Museum Hill. Chimbuko lake ni Amani, katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti mwaka 1902. Mkusanyiko ule ulihamishiwa hapa katikati ya karne ya 20. Ukiona herufi EA kwenye rekodi ya sampuli, popote ulipo duniani, ujue sampuli yenyewe iko kwenye kabati la Nairobi. Kila hebaria ina herufi zake: K ni Kew, Uingereza, BPI ni mkusanyiko wa kitaifa wa kuvu wa Marekani ulioko Beltsville, Maryland, NYS ni makumbusho ya jimbo la New York, mjini Albany. Herufi hizo ndizo anwani ya sampuli, na ndizo ninazozitazama kwanza. Zinaniambia kwamba kuna mlango ninaoweza kubisha, nikaomba kuonyeshwa kitu kinachosemwa.

Mmea hunyooshwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Kuvu ya majani au ya matumba huwekwa vingine. Kipande cha tawi chenye ugonjwa hukaushwa, kikatiwa ndani ya karatasi iliyokunjwa ikawa bahasha, na lebo ikaandikwa juu yake. Kew pekee ina sampuli za kuvu zaidi ya milioni 1.25, nyingi zikiwa katika bahasha za namna hiyo.

Ukifungua bahasha ya kuvu ya matumba ya azalea, unakuta vitawi viwili vitatu vyepesi kama njiti za kiberiti, kila kimoja na tumba kwenye ncha. Kwa macho matupu ni tumba lililokauka tu. Weka lenzi ya mkono ya kukuza mara kumi, ndipo utakapoona kwamba tumba zima limesimamisha vinywele vyeusi, kila kinywele kikiwa na kichwa kidogo cha mviringo, mfano wa pini zilizochomekwa kwenye kimto cha fundi cherehani. Vichwa vile ndivyo vinavyobeba spora, zile chembe ambazo kuvu huzaana kwazo. Na kuvu hii haina haraka. Inaliua tumba, lakini tumba halianguki. Linabaki limeng'ang'ania tawi mwaka mzima au zaidi, likiendelea kutoa spora.

Huko Uingereza imedhaniwa kwa muda mrefu kwamba kuvu hii inafunguliwa njia na mdudu mdogo arukaye, Graphocephala fennahi, wa kijani mwenye mistari myekundu, aliyeletwa kutoka Amerika Kaskazini. Jike hupasua magamba ya tumba ili atage, na spora hupenya pale palipopasuka. Ndiyo maana mkusanyaji makini haandiki jina la kuvu peke yake. Anaandika na alichokiona pembeni: wadudu, hali ya majani, kama mmea uko kivulini au juani. Miaka 80 baadaye mtu ataisoma lebo hiyo akitafuta jambo ambalo mwandishi hakuwa analiwaza kabisa.

Jina linavyohama

Mwaka 1873 Charles Horton Peck, mtaalamu wa mimea wa jimbo la New York, aliieleza kuvu hii kwa mara ya kwanza na kuiita Periconia azaleae. Peck alizipa majina zaidi ya spishi 2,500 za kuvu maishani mwake, na sampuli zake zimehifadhiwa Albany. Neno la pili, azaleae, ni Kilatini cha "ya azalea", na hilo ni la spishi. Neno la kwanza ni jenasi, yaani ukoo ambao Peck aliona kuvu hii inauingia.

Wenzake wa baadaye hawakukubaliana naye kuhusu ukoo. Mwaka 1886 Pier Andrea Saccardo wa Padova, Italia, aliyekuwa akikusanya majina ya kuvu zote zinazojulikana duniani, aliiweka kwenye Sporocybe. Mwaka 1941 E. W. Mason, aliyefanya kazi kwenye taasisi ya kuvu iliyokuwa Kew, akaiweka kwenye Pycnostysanus, na hilo ndilo jina lililotawala vitabu vya wakulima wa maua kwa zaidi ya nusu karne. Kisha mwaka 2002 Partridge na Morgan-Jones, wa Chuo Kikuu cha Auburn huko Alabama, wakaonyesha kwamba jina Pycnostysanus lina mwenyewe: limefungwa na kuvu nyingine inayoota kwenye utomvu wa misonobari, isiyo na undugu wa karibu na hii ya azalea. Ikabidi ya azalea ijengewe ukoo mpya, nao ukaitwa Seifertia kwa heshima ya Keith Seifert, mtaalamu wa kuvu wa Kanada.

Ni kama mtu aliyehama Kariokor akaenda Umoja, kisha Kayole, kisha Ruai. Anwani zimebadilika mara tatu, mtu ni yuleyule. Na njia ya kumtambua imo ndani ya jina lenyewe, ila watu wengi huiruka kwa sababu inaonekana kama pambo. Tazama linavyoandikwa kwa ukamilifu: Pycnostysanus azaleae (Peck) E. W. Mason. Aliye ndani ya mabano ndiye aliyeipa spishi jina mara ya kwanza. Aliye nje ndiye aliyeihamisha. Ukikuta majina mawili au matatu yenye azaleae na yote yana Peck ndani ya mabano, una mtu mmoja mwenye anwani nyingi. Jina la kwanza kabisa halina mabano, kwa kuwa hapo hakuna aliyehamisha: Periconia azaleae Peck, basi.

Kwa nini basi orodha ya simu iyaonyeshe yote manne? Kwa sababu katika hebaria lebo ya zamani haifutwi. Mtaalamu akiifungua bahasha ya 1890 na kuona jina limepitwa, anabandika karatasi ndogo pembeni: jina jipya, jina lake yeye, mwaka. Nimeshika bahasha zenye karatasi tatu za namna hiyo, kila moja kwa mwandiko na wino wake. Anayekuja kuingiza habari kwenye kompyuta huchagua mojawapo, na asipogeuza bahasha anaweza kuchagua ile iliyopitwa. Nimewahi kulifanya kosa hilo mwenyewe. Karatasi mpya ilikuwa nyuma ya bahasha, mimi nikanakili ya mbele, na rekodi ile ikabaki hivyo karibu miaka miwili kabla ya kusahihishwa. Tangu siku hiyo sinakili lebo kabla ya kugeuza bahasha pande zote.

Kuna na fundo jingine katika majina ya kuvu ambalo wanyama na mimea hawana. Chukua kuvu nyingine ya azalea, ile inayoozesha maua. Ilionekana mara ya kwanza mwaka 1931 karibu na Charleston, South Carolina, na Freeman Weiss akaipa jina Ovulinia azaleae mwaka 1940. Inaanza na madoa madogo mno, meupe kwenye ua la rangi, ya kahawia kwenye ua jeupe. Siku mbili tatu zikipita ua lote limelegea, na ukilisugua kati ya vidole linateleza kama mrenda uliopikwa. Kwenye petali hutokea spora za namna moja. Baadaye petali zilezile hufanya vidonge vyeusi vinavyoanguka na kulala udongoni, na msimu unaofuata vidonge hivyo huchipuza vikombe vidogo vyenye spora za namna nyingine kabisa. Kwa takriban karne moja sheria za majina ziliruhusu kila hatua iwe na jina lake, hivyo hatua ile ya kwenye petali nayo ikaitwa Ovulitis azaleae. Kuvu moja, vyeti viwili vya kuzaliwa, na vyote halali. Wataalamu waliokutana Melbourne mwaka 2011 ndio walioamua kwamba kila kuvu iwe na jina moja tu. Rekodi za kabla ya hapo zinaendelea kubeba majina yote mawili, na hakuna kosa ndani yake.

Jina moja, kuvu nyingi

Mpaka hapa tumeona majina mengi ya kitu kimoja. Kinyume chake ndicho kinachonitia wasiwasi zaidi.

Kuna ugonjwa wa azalea ambao mtu hawezi kuupita bila kusimama. Jani changa linavimba, linanenepa, linakunjamana mpaka linafanana na kipande cha tunda la kijani kibichi, kisha uso wake unafunikwa na unga mweupe. Unga ule ndio spora. Kuvu hii haijengi uyoga wala kikombe. Inatoa spora moja kwa moja juu ya ngozi ya jani. Jenasi yake ni Exobasidium. Mwaka 1896 Mitsutaro Shirai aliieleza moja ya azalea kutoka Japani akaiita Exobasidium japonicum. Lakini mwaka 1915 Mmarekani Edward Angus Burt alipitia sampuli nyingi za bara lake na kuamua kwamba tofauti zilizokuwa zikitajwa zilikuwa za umbo la uvimbe tu, si za kuvu, akazikusanya chini ya jina moja, Exobasidium vaccinii. Kwa miaka mingi baada yake, watu wengi walioletewa jani la azalea lililovimba waliandika vaccinii, wakafunga bahasha. Mwaka 1981 Nannfeldt wa Uppsala, Sweden, alizipitia upya zile za Ulaya akazitenganisha tena, akionyesha kwamba kila spishi inaelekea kushikamana na mimea yake. Vipimo vya DNA vilivyofuata vimekuwa upande wa kutenganisha.

Sasa fikiria rekodi inayosema: Exobasidium vaccinii, kwenye azalea, 1938. Aliyeiandika hakukosea, alifuata kitabu cha siku zake. Ila wewe unayeisoma leo huwezi kuichukua ilivyo na kuiweka kwenye ramani pamoja na vaccinii ya kwenye vichaka vya beri vya Ulaya. Hapo kompyuta haikusaidii, maana kompyuta huunganisha maneno yanayofanana. Kinachokusaidia ni kuwepo kwa jani. Kama jani lipo, mtu anaweza kuliweka chini ya darubini, akahesabu, akapima, akatoa DNA. Mwaka 2013 watafiti walifanya hivyo kwa majani ya viazi yaliyokaushwa katika karne ya 19, ya kuanzia ile njaa kubwa ya Ireland ya miaka ya 1840, wakasoma DNA ya ugonjwa uliosababisha njaa ile na kukuta ni aina ambayo haikuwa imejulikana. (Kiumbe kile, Phytophthora infestans, si kuvu halisi, ingawa kwa mazoea bahasha zake hukaa kwenye makabati ya kuvu.) Waliokausha majani yale hawakuwa na habari kwamba kuna kitu kiitwacho DNA.

Nilipomweleza kijana wa kitalu jambo hili nilimpa mfano wa kahawa, kwa kuwa alikulia Kiambu na baba yake alikuwa na mikahawa, yaani miti ya kahawa. Ugonjwa unaoozesha matunda machanga ya kahawa, ule ambao wakulima wa Tanzania huuita chulebuni, ulionekana mara ya kwanza magharibi mwa Kenya mwaka 1922. Kwa miongo mingi kuvu yake iliandikwa Colletotrichum coffeanum. Jina hilo lilikuwa limetolewa mwaka 1901 kwa kuvu ya mikahawa ya Brazil, na Brazil haina chulebuni. Ukichora ramani kwa kufuata jina peke yake, utaiweka chulebuni Amerika Kusini miaka 20 kabla haijaonekana popote, na afisa wa karantini akiiamini ramani hiyo ataacha mlango wazi. Mwaka 1993 Waller na Bridge waliitenga kuvu ya Afrika na kuipa jina lake: Colletotrichum kahawae. Neno lile la mwisho ni Kiswahili chetu kilichovalishwa mkia wa Kilatini. Kila mahali duniani mtaalamu anapoandika kuhusu ugonjwa huu, anaandika "kahawa". Jambo hilo hunifurahisha kila ninapoliona.

Mmea nao una hadithi yake

Rekodi ya kuvu ya mimea huwa na majina mawili: la kuvu na la mmea mwenyeji. Watu huhakiki la kwanza na kuliamini la pili bila swali. Kwa azalea hilo ni hatari.

Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alitenga jenasi mbili, Azalea na Rhododendron, akitazama hesabu ya stameni, vile vijiti vya ndani ya ua vinavyobeba chavua: tano kwa azalea, kumi kwa rhododendroni. Mgawanyo huo haukusimama. Kuna mimea inayoukiuka waziwazi, na tangu karne ya 19 wataalamu waliingiza azalea zote ndani ya Rhododendron. Wenye vitalu waliendelea na jina lao, na sioni kwa nini waliache. Kwa hiyo lebo ya zamani ikisema Azalea na mpya ikisema Rhododendron, mmea huenda ni uleule.

Mbaya zaidi ni Azalea indica. Anayelisoma jina hilo atadhani mmea umetoka India. Mmea ambao Linnaeus aliuita hivyo ni wa Japani. Halafu wenye bustani wa Ulaya wakalitwaa jina hilohilo na kuliita azalea nyingine, Rhododendron simsii, yenye asili ya China, ambayo ndiyo mama wa azalea za vyungu zilizoendelezwa Ghent, Ubelgiji, na kusambazwa duniani kote. Azalea nyingi zinazouzwa kwenye vyungu ni za damu hiyo iliyochanganywa. Basi lebo ya "Azalea indica" ikiwa kwenye bahasha ya kuvu, inaweza kumaanisha mmea wa Japani, mmea wa China, au mtoto wa mchanganyiko aliyezaliwa Ubelgiji. Kama unataka kujua kuvu imetoka wapi, tofauti hiyo si ndogo.

Mahali, tarehe na hesabu

Mahali nako kunahitaji macho mawili. Kenya haikuitwa Kenya kwenye lebo za kabla ya 1920. Ilikuwa sehemu ya Himaya ya Afrika Mashariki ya Uingereza, na lebo nyingi huishia hapo au hutaja jina la kituo cha reli na kimo kwa futi. Mtu akiandika "Nairobi" tu, anayetafuta nukta kwenye ramani huiweka katikati ya jiji. Usije ukaichukulia nukta hiyo kuwa ushahidi kwamba kuvu iliota kwenye Barabara ya Kenyatta.

Pia mahali kuvu ilipopewa jina si lazima pawe kwao. Kutu ya majani ya kahawa ilionwa na msafiri Mwingereza mwaka 1861 kwenye mikahawa ya mwituni karibu na Ziwa Viktoria, lakini iliandikwa kisayansi mwaka 1869 kwa sampuli za kutoka Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka. Anayetazama sampuli ya msingi, ile ambayo jina limefungwa nayo, atadhani kutu ni ya Asia.

Hesabu ndiyo inayodanganya upesi kuliko yote. Katika karne ya 19 wakusanyaji walikuwa wakigawa sampuli moja katika bahasha nyingi na kuziuza au kubadilishana. J. B. Ellis wa New Jersey, kwa mfano, tangu 1878 alitoa mafungu ya sampuli 100 kwa waliojiandikisha, ndani na nje ya Marekani. Siku moja, kichaka kimoja, mkono mmoja uliochuma, na leo ni mistari kadhaa kwenye orodha ya simu, kila mstari na herufi za hebaria yake. Kijana wangu aliona safu ya rekodi za jimbo moja na kusema ugonjwa ulikuwa umeenea sana huko. Tulipolinganisha jina la mkusanyaji, nambari yake na tarehe, mistari kadhaa ilirudi kuwa safari moja ya mtu mmoja.

Halafu kuna ukimya. Swali lake la pili lilikuwa hili: "Kama Kenya haimo kwenye orodha, si ina maana hatuna?"

Hapana. Orodha inaonyesha mahali ambapo mtu alitazama, akachuma, akakausha, akaandika na akahifadhi. Afrika haina rhododendroni ya asili hata moja, kwa hiyo kila azalea iliyoko Nairobi, Limuru au Tigoni ililetwa, yenyewe au mzazi wake. Wataalamu wa magonjwa ya mimea waliofanya kazi Kenya walikuwa na kahawa, ngano, mahindi, chai na pareto mbele yao. Mwaka 1961 R. M. Nattrass, aliyekuwa mkuu wa wataalamu hao, alichapisha orodha ya kuvu na bakteria za Kenya kwa kufuata mmea zilikopatikana, kazi kubwa ambayo bado inashikwa mkono hadi leo. Ila orodha yoyote ya aina hiyo ni nzito pale penye mazao ya pesa na nyepesi pale penye maua ya mbele ya nyumba. Ni haki ifanywe hivyo watu wanapokuwa wachache na njaa ni nyingi. Anayeisoma ndiye asisahau.

Tofauti hii imeandikwa hata kwenye kanuni. Kiwango namba 8 cha kimataifa cha afya ya mimea, kilichotolewa mwaka 1998 na kufanyiwa marekebisho 2021, kinataka nchi zitenganishe mdudu au ugonjwa ambao haujarekodiwa, ule ambao rekodi zake haziaminiki, na ule uliokuwepo kisha ukatoweka. Kinaeleza pia kwamba rekodi hupimwa uzito kwa nani aliyekusanya, nani aliyetambua, na kama kuna sampuli iliyobaki. Kwa nchi inayoishi kwa kuuza maua nje, hayo si mambo ya kabatini tu. KEPHIS, shirika linalokagua mimea nchini tangu 1996, huingia mazungumzo na nchi nyingine likiwa na orodha za aina hii mkononi, na upande wa pili huuliza: mna ushahidi gani?

Tumba la Barabara ya Ngong

Nilitoa lenzi. Tukalikata tumba moja na kuligeuza juani, yeye akitazama kwanza, kisha mimi. Magamba yalikuwa yamekauka, safi, bila kinywele hata kimoja. Nikachomoa mmea kwenye chungu: mizizi ilikuwa imejaa mpaka inazunguka ukuta wa chungu, na katikati ya udongo palikuwa pakavu kama majivu. Maji aliyokuwa akimwaga juu yalikuwa yakiteremka pembeni na kutokea chini bila kuingia ndani. Tukakizamisha chungu kizima kwenye karai la maji na kukiacha mpaka povu lilipoisha.

Lakini tumba bila vinywele leo si tumba bila kuvu, maana vinywele huweza kuja baadaye. Akataka anipe matumba ndani ya mfuko wa nailoni niende nayo. Nikamkataza. Mwaka juzi jirani yangu aliniletea jani la azalea lililovimba, limekaa siku nne ndani ya nailoni, na nilipolifungua lilikuwa uji. Hakuna aliyeweza kusema lilikuwa na nini, wala sisi hatutajua kamwe. Gazeti linatosha. Tukakunja kurasa mbili za gazeti la jana, tukaweka matumba mawili, na kwenye karatasi nyeupe akaandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi, maana wino hufifia na huchuruzika: azalea ya chungu, maua ya waridi, ilinunuliwa ikiwa mche, matumba matatu yamekauka, vinywele havikuonekana kwa lenzi ya kukuza mara kumi, udongo mkavu katikati, hakuna wadudu, kando ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Akaongeza tarehe, jina lake, na jina langu kama niliyetazama.

"Na jina la ugonjwa?" akauliza, kalamu ikiwa hewani.

Nikamwambia aache nafasi. Tumba la tatu tuliliacha tawini, tukalifunga uzi mwekundu, ili tulitazame tena kwa lenzi mvua za masika zikiisha.